Kijiti Kimoja, Dhamana ya Wanne

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Mtwara)



Mkulima wa korosho wa Mtwara hahitaji kuelezwa maana ya dhamana ya pamoja. Korosho zake haziendi mnadani peke yake. Hupimwa katika chama cha msingi, zikawekwa ghalani pamoja na za wenzake, zikauzwa kwa mafungu. Mtu mmoja akitia kokoto katika gunia lake ili lizidi uzito, mnunuzi hatafuti jina la mwenye gunia. Hulishusha thamani fungu zima. Mjane aliyeanika na kuchambua zake kwa uaminifu hupata hasara pamoja na mdanganyifu.

Jambo hilo ndilo linalobishaniwa katika riadha. Je, mmoja wa wakimbiaji wa mbio za kupokezana vijiti akigunduliwa kuwa alitumia dawa za kuongeza nguvu, ni haki wenzake watatu kuvuliwa medali?

Tarehe 22 Agosti 2008, mjini Beijing, Wajamaika wanne, Nesta Carter, Michael Frater, Usain Bolt na Asafa Powell, walishinda mbio za mita 100 mara nne kwa sekunde 37.10, wakavunja rekodi ya dunia. Sampuli ya Carter ilipopimwa upya mwaka 2016 ilikutwa na dawa iliyokatazwa. Januari 2017 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwanyang'anya wote dhahabu, na rufani ya Carter ikatupwa mwaka 2018. Bolt, ambaye hakukutwa na kosa lolote, alibaki na dhahabu nane badala ya tisa.

Wako wasemao kwamba huo ni uonevu, na hoja yao si nyepesi. Sheria humwadhibu mwenye kosa, si jirani yake. Katika mpira wa miguu, mchezaji mmoja akikutwa na dawa, timu haipokonywi ushindi kwa sababu hiyo peke yake. Tena mwaka 2010 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilitengua uamuzi wa kuwavua medali wanawake wa Marekani waliokimbia pamoja na Marion Jones huko Sydney mwaka 2000. Lakini hukumu ile isipotoshwe. Mahakama haikusema kwamba ushindi ule ulikuwa safi. Ilisema kwamba kanuni za mwaka 2000 hazikuwa na kifungu cha kuifuta timu nzima, na mtu hahukumiwi kwa kanuni ambayo haikuwapo. Leo kifungu hicho kipo.

Kiini cha shauri ni kutenganisha adhabu na matokeo. Bolt hakufungiwa, wala hakuitwa mdanganyifu. Kilichofutwa ni muda wa timu, na muda huo ni mmoja. Hakuna mizani iwezayo kuondoa sehemu iliyotokana na dawa na kuiacha iliyotokana na jasho. Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hapa yafaa kusema kwa uangalifu zaidi: samaki wengine hawakuoza, ila mtungo hauuziki.

Wanaowahurumia watatu wa mbele wawakumbuke na wanne wa nyuma. Katika mbio za mita 400 mara nne za Sydney, Wamarekani walikuwa wa kwanza na Wanijeria wa pili. Mwaka 2008 Antonio Pettigrew alikiri kwamba alitumia dawa, na Michael Johnson, aliyemaliza mbio zile, akatangaza kuwa atairudisha medali yake. Wanijeria walipewa dhahabu mwaka 2012. Mmoja wao, Sunday Bada, alikuwa amefariki dunia Desemba 2011.

Afrika Mashariki nayo ina somo lake. Machi 2017, mjini Kampala, Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika za kupokezana, akiwamo Asbel Kiprop. Sampuli iliyomtia hatiani ilichukuliwa Novemba mwaka huo, ndiyo maana wenzake watatu walibaki na medali zao. Ingalikuwa ni ya siku ile ya Kampala, wangalizipoteza. Naye Kiprop huyo ndiye aliyepandishwa kuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 wa mwaka 2008, baada ya Rashid Ramzi wa Bahrain kukutwa na dawa.

Basi kanuni ni ya haki, lakini haijakamilika. Wasio na hatia wasafishwe majina yao hadharani, kwa sauti ileile iliyotangaza kufutwa kwa ushindi. Na kocha au daktari aliyetoa dawa asijifiche nyuma ya kijana aliyeimeza.

Hapo ndipo shauri linaporudi Mtwara, mkoa ulioipokea michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA mwaka 2021. Walimu wanaijua habari ya mamluki. Mtoto aliyefanya mazoezi peku kila alfajiri huweza kupoteza ushindi wake kwa sababu mtu mzima aliandika umri wa uongo katika fomu ya mwenzake. Mtoto hakuiona fomu hiyo. Mwalimu aliyeitia sahihi aliiona. Kabla ya kuuliza kama Bolt alionewa, kila mwenye kalamu na muhuri ajiulize ni watoto wangapi wanaokimbia wakiitegemea sahihi yake.