Wanafunzi Waliobisha Hodi Kwenye Theluji



Ndugu zangu na dada zangu, nimeombwa niongee kuhusu vijana na kura za mchujo. Kisa changu ni cha mbali kidogo: jimbo la New Hampshire, Marekani, mapema mwaka wa 1968.

Wakati huo Marekani ilikuwa na karibu nusu milioni ya wanajeshi Vietnam, na vijana walikuwa wakichukuliwa jeshini kwa lazima. Rais Lyndon Johnson alitarajiwa kutetea kiti chake, na vigogo wa chama chake cha Democratic hawakutaka kumkabili. Robert Kennedy aliombwa, akakataa. Mwishowe akajitokeza Eugene McCarthy, seneta wa Minnesota, mtu mpole, mtunzi wa mashairi, asiyejua kupiga makelele jukwaani. Wengi walimcheka.

Mchujo wa kwanza ulikuwa New Hampshire, tarehe 12 Machi. Huko Machi bado ni theluji na baridi ya kukata vidole. (Sisi wa Pwani mvua ikinyesha siku mbili tu tunatafuta sweta!) Basi wanafunzi wa vyuo vikuu wakaanza kumiminika, wengi kutoka majimbo mengine. Wikendi walifika kwa maelfu, wakalala kwenye nyumba za watu na vyumba vya chini vya makanisa. Na skizeni hii: umri wa kupiga kura ulikuwa miaka 21. Wengi wao hata hawakuwa na kura! Walitembea kwenye theluji kuombea mtu kura ambazo wao wenyewe hawangeweza kupiga.

Sasa, walifanyaje? Wenye nywele ndefu walizikata na wenye ndevu wakazinyoa. Najua hapo ma-brother wengine mmeshika ndevu zenu, tulieni, si fatwa. Wasichana nao wakavaa sketi za heshima. Waliokataa kunyoa hawakufukuzwa. Walipewa kazi za ndani, kupanga kadi za wapiga kura na kutia barua kwenye bahasha. Mlangoni walienda wale ambao mzee wa kijijini angewafungulia bila kushtuka. Walibisha hodi, wakasalimia, wakamuuliza mwenye nyumba anaonaje mambo ya nchi, wakanyamaza wakamsikiliza.

Hapo kwa kusikiliza ndipo mimi naona siri yao ilipokuwa. Wachunguzi walipochambua kura baadaye, waligundua kwamba wengi waliomchagua McCarthy walikuwa wakimlaumu Johnson kwa kutopigana vita kwa ukali wa kutosha! Yaani kama kijana angefika mlangoni na kuanza ubishi wa Vietnam, angefungiwa mlango. Hawa walibeba malalamiko ya mtu jinsi walivyoyakuta.

Upande wa Johnson ulichapisha kadi zenye nambari, za vipande vitatu. Mpiga kura aweke sahihi kuahidi kumuunga mkono rais, na kipande kimoja kipelekwe Ikulu. Watu wakauliza, tangu lini kura yangu ikawa ya kuandikishwa? Kadi zikawageukia wenyewe.

Matokeo: Johnson asilimia 49, McCarthy karibu 42. Kwa hesabu alishindwa, lakini alipata wajumbe 20 kati ya 24, na nchi nzima ikashtuka. Siku 4 baadaye Kennedy naye akaingia ulingoni, na wanafunzi wengi walikasirika sana, wakasema alisubiri wengine wamsafishie njia. Tarehe 31 Machi Johnson akatangaza kwenye televisheni kwamba hagombei tena.

Ingekuwa sinema ingeishia hapo. Lakini Juni Kennedy aliuawa. Agosti, huko Chicago, tiketi ya chama alipewa makamu wa rais, Hubert Humphrey, ambaye hakushindana katika mchujo hata mmoja, huku nje polisi wakipiga vijana marungu. Vita viliendelea mpaka 1975. Anayesema mfumo ulikuwa umepangwa hajakosea.

Ila fedheha ile ya Chicago ndiyo iliyolazimisha chama kubadilisha kanuni, na kufikia 1972 wajumbe wengi zaidi walipatikana kwa kura za mchujo. Mwaka wa 1971 umri wa kupiga kura ukashushwa hadi 18. Sisemi ni kazi ya wale wanafunzi peke yao, lakini mkono wao umo.

Tuje kwetu. Hapa Kenya, maeneo mengi mshindi wa mchujo wa chama chenye nguvu ndiye mshindi, Agosti ni kukamilisha tu. Na siku ya mchujo vijana tuko wapi? Mwaka wa 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wamesajiliwa kwenye vyama bila hata kuulizwa. Kabla hatujaenda kwa maswali, nani hapa ameshaangalia jina lake liko chama gani? Inueni mikono nione.

Haya. Dada pale nyuma, wewe anza.