Mji Mzima Juu ya Ubao

Juma hili tuzungumze juu ya mchezo. Si kandanda, si bao, wala si karata. Ni mchezo wa kujenga nchi ndogo juu ya ubao: vilima vya maboksi, mito ya vanishi, nyumba zisizozidi kibiriti, na minazi yenye urefu wa kidole.

Huko Ulaya na Marekani wapo watu wazima, wengine wana wajukuu, wanaomalizia jioni zao katika kazi hii. Baadhi hujengea garimoshi la kuchezea, baadhi hupanga vikosi vya askari wadogo na kuvipiganisha. Vifaa vya madukani vipo tele. Lakini miongoni mwao fundi anayeheshimiwa ni yule anayetengeneza kila kitu kwa mkono wake, kutokana na vitu ambavyo wengine wamevitupa.

Je, hayo yanatuhusu nini sisi wa pwani? Yanatuhusu sana. Kwanza, sisi si wageni katika mambo haya. Ni mtoto gani wa Bagamoyo, Mlingotini au Kunduchi asiyejua ngalawa ndogo ya mti mwepesi, yenye tanga la kitambaa, inayoshindanishwa maji yanapojaa? Ni nani asiyejua gari la waya? Tatizo letu ni moja. Kijana akianza kuota ndevu tunamwambia aache utoto, na mkono uliokwisha kuzoea kazi unalazwa.

Pili, vifaa tunavyo. Chukua magazeti ya zamani, yachane, yaloweke usiku kucha, kisha uyaponde pamoja na uji mzito wa unga wa ngano. Hapo umepata udongo wa kufinyangia vilima. Uanike juani mpaka ukauke kabisa, la sivyo utaota ukungu. Chelewa za ufagio ni mashina ya minazi. Nyuzi za katani zilizochovywa katika gundi ni mizizi ya mikoko. Unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani ni majani. Mchanga uliochekechwa ni mchanga vilevile.

Sasa tujaribu Bagamoyo. Tuseme unajenga nyumba moja ya mawe kwa kipimo cha 1 kwa 100, yaani mita moja inakuwa sentimita moja. Mlango wa mita mbili utakuwa sentimita mbili. Ukuta wa nusu mita utakuwa nusu sentimita. Utakapofika vyumbani utagundua jambo: vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi haupiti mita tatu. Kwa nini? Kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa kuliko hiyo bila kupinda. Mti wa baharini ndio uliompangia mwashi upana wa chumba. Mtu anaweza kupita mbele ya nyumba hizo miaka hamsini asilijue hilo. Anayeijenga kwa maboksi hulijua kwa jioni moja.

Hali kadhalika rangi. Mwanafunzi wa kazi hii hupaka ukuta mweupe pe, kisha hushangaa kwa nini nyumba yake inafanana na sabuni. Fundi hutangulia na rangi nzito ya kahawia au kijivu. Ikikauka, huchukua brashi yenye chokaa kidogo, huifuta kwenye gazeti mpaka iwe karibu kavu, kisha huipitisha juujuu. Weupe hushika vichwani, giza hubaki mashimoni. Mwisho huongeza weusi wa unyevu chini ya ukuta, na kutu inayochuruzika kutoka kwenye bati. Hapo nyumba inakuwa na umri.

Au tuseme unataka nchi yenyewe. Tumia kipimo cha 1 kwa 10,000, sentimita moja iwe mita 100. Ubao wa mita moja utachukua kilomita kumi za pwani, na magofu ya Kaole yatakuwa kama nusu mita kusini ya mji. Fuata mistari ya mwinuko katika ramani, kata tabaka za boksi moja moja, uzipange kama ngazi, kisha ufunike kwa udongo wako wa magazeti. Kwa kuwa pwani yetu ni tambarare, kilima cha mita 20 kitakuwa milimita mbili tu, kwa hiyo mafundi huzidisha kimo mara tatu au mara tano ili jicho lipate kuona.

Ukifika baharini, weka na kina cha maji. Utaona mbele ya Bagamoyo maji mafupi yakienda mbali. Jahazi halikuona taabu, lilikaa juu ya mchanga maji yakipwa. Lakini meli kubwa ilibidi itie nanga mbali. Ndiyo sababu moja kubwa iliyowafanya Wajerumani wahamishie makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Geuka upande wa Kaole, uone mikoko iliyosimama mahali ambapo zamani palikuwa na bandari. Historia ya kurasa nyingi imelala juu ya ubao mmoja.

Wapo watakaosema huu ni mchezo tu. Basi na watazame jirani. Mwaka 2006, huko Nessuit nchini Kenya, watu wa jamii ya Ogiek walikusanyika wakajenga mfano wa nchi yao ya msitu wa Mau kwa kipimo hichohicho cha 1 kwa 10,000. Tabaka za boksi, rangi, pini na nyuzi. Wazee ambao hawakuzoea ramani za ofisini waliweza kunyosha kidole na kusema: mto huu unaitwa hivi, hapa palikuwa pa ukoo fulani. Vijana waliandika. Elimu iliyokuwa vichwani mwa wazee ikawa mezani, mbele ya macho ya wote. Je, huo ni utoto?

Na sisi tuna haraka kuliko tunavyodhani. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo. Hilo lilikuwa jengo mashuhuri, limepigwa picha na kupimwa. Nyumba ya mtaani Bagamoyo ikianguka, ni nani aliyeipima? Paa likiondoka, mvua huingia kwenye chokaa, boriti huoza, na kwa masika machache ukuta unalala. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mfano mdogo uliopimwa kwa makini ni daftari. Hauzuii nyumba kuanguka, lakini huzuia isisahaulike ilivyokuwa.

Onyo moja. Mtu asije akabandua jiwe la Kaole, wala kipande cha mlango wa kuchonga, ati apate kifaa halisi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuharibu kumbukumbu hizo, na fundi wa kweli hahitaji. Wala usiing'oe mikoko iliyo hai. Katani inatosha.

Walimu wa jiografia na historia, hapa pana somo la muhula mzima kwa gharama ya gundi na rangi. Kila kikundi cha wanafunzi kipewe nyumba moja. Waombe ruhusa kwa wenyewe, wapime kwa utepe, wawaulize wazee nani alikaa humo na chumba kipi kilikuwa cha nini, kisha wajenge. Na wewe mzazi unayerudi kutoka kazini, ukaona sebule imejaa vipande vya boksi, usikimbilie ufagio. Uliza kwanza ni nyumba ya nani inayojengwa. Huenda hiyo ikawa nakala pekee itakayobaki.