Mfanyakazi Anakimbia Dharau
Hotuba ya Mwenyekiti katika maadhimisho ya miaka 10 ya kikundi, Upanga



Tunamshukuru Mungu kutufikisha miaka 10. Hesabu ataisoma Mweka Hazina. Sisi tunataka kusema juu ya kazi, maana hisa zetu zinatoka kwenye kazi.

Daftari letu halifichi kitu. Mwenzetu akicheleweshewa mshahara, hisa inachelewa na marejesho ya mkopo yanachelewa. Akiacha kazi, mdhamini wake naye halali usingizi. Tumewauliza walioacha, wa maofisini na wa madukani Kariakoo. Wengi hawakuanza na mshahara. Walitaja kutukanwa mbele ya wateja, kukatwa fedha bila maelezo, kunyimwa ruhusa mtoto anapoumwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu cha 15 kikawakataza viongozi dharau na uonevu. Miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa hapa Dar es Salaam waligoma, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa ubabe na lugha chafu za mameneja. Mtu atavumilia mshahara mdogo, lakini kudharauliwa kila siku, jamani, hapana.

Leo sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka iwe siku 28, na mama aliyejifungua apate siku 84 zenye malipo. Anayenyonyesha aruhusiwe hadi saa 2 kwa siku.

Sasa akina mama, mikopo ya kikundi hiki imewafanya baadhi yetu kuwa waajiri. Mwenye duka ana vijana wawili, mama lishe ana msaidizi, nyumbani yupo dada wa kazi. Hao nao sheria inawahusu. Binti akiondoka baada ya miezi mitatu, tunaanza upya kumfundisha mwingine bei na wateja. Wateja nao wanamfuata aliyewazoea. Hasara ni yetu.

Basi tuagane hapa hapa: mshahara ulipwe siku tuliyopatana. Kosa lisemwe pembeni. Siku ya mapumziko iwe ya mapumziko kweli. Na mtu aitwe kwa jina lake.

Tukifanya hivyo, yule binti naye kesho atakuwa na hisa yake mezani hapa.

Akina mama, oyee!