Zamu ya Paa: Haki na Ukimya katika Hadithi Zetu



Naomba nianze na kesi ya mauaji. Mwalimu Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa alipanda mti ule kuiba mabuyu, buyu moja likamponyoka, likamwangukia mwalimu kichwani, akafa. Watoto walimzika, kisha wakatoka kumtafuta aliyeliangusha buyu ili nao wamuue. Wakamkamata upepo wa kusi wakampiga. Kusi akalalamika: angekuwa na nguvu hizo, angezuiwa na kiambaza? Wakamwendea kiambaza, naye akasema angekuwa na nguvu asingetobolewa na panya. Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, kamba ikakitaja kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, hata mlolongo ukafika kwa paa. Paa hakujibu neno. Wakamuua.

Kisa hiki kilikuwa midomoni mwa watu wa Unguja, na mmisionari Mwingereza Edward Steere akakichapisha London mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine alizozikusanya huko. Mimi nilikipata kwa bibi yangu, ambaye hakuwa na habari ya Steere wala London. Alikuwa akikisimulia mbiombio, sisi tukishindana kuyataja majina yote bila kukosea, na tulipofika kwa paa tulipiga makofi. Ilinichukua miaka mingi kuona tulikuwa tukishangilia nini.

Tazameni tena kesi ilivyoendeshwa. Kusi alipigwa kwanza, akaulizwa baadaye. Wale wote waliotangulia waliokoka kwa sababu walikuwa na la kusema, na walilolisema lilikuwa moja: mimi ni mnyonge, yuko anioneaye. Yaani kinga yao ilikuwa kumsogeza mwingine mbele. Paa ndiye aliyeangusha buyu, hilo msimulizi ametuambia mapema. Lakini watoto hawakulijua. Hawakuwa na shahidi wala alama. Walimuua kwa kuwa alinyamaza. Wakampata mhusika hasa, kwa njia ambayo ingemuua yeyote mwenye hofu. Na hakuna aliyeuliza kama alikusudia.

Jambo la pili nililiona nikiwa mtu mzima. Katika kisa kizima, binadamu mwenye jina ni Goso peke yake. Watoto hawana majina. Wanakwenda pamoja, wanakamata pamoja, wanasema kwa kinywa kimoja. Hakuna hata mmoja aliyebaki nyuma akasema, jamani, upepo tutaupigaje? Walioshuhudia mwizi wa kuku akikimbizwa na mtaa mzima wanaujua mkumbo huo. Unaingia bila kujua umeingiaje, na ukishaingia, kusimama peke yako ni hatari kuliko kukimbia na wenzako.

Hoja yangu leo ni kwamba hadithi zinazopendwa na watu wetu, za mdomo na za vitabuni, zinaiweka haki mahali pamoja: katika zamu ya kusema. Hata kabla kisa hakijaanza, mtambaji husema "Paukwa," akangoja kuitikiwa "Pakawa." Asipoitikiwa hana kisa. Utaratibu huo wa kuomba na kupewa zamu ndio huo huo unaokosekana pale paa anapouawa.

Shaaban Robert aliutengenezea utaratibu huo riwaya nzima. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, naye akiwa karani wa serikali ya kikoloni huko Tanga, mtu ambaye kila siku alipokea amri na kuziandika. Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu uanasheria, yaani kuwafundisha wajue kujitetea. Kingekuwa kisa cha Goso, angeuawa ukurasa wa pili. Lakini Karama anaomba asikilizwe, na akishapewa zamu haiachii. Anasimulia juu ya wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, wakarudi na habari za manufaa, wakatupwa gerezani. Hajitetei yeye kwanza. Anawasemea waliofungwa vinywa. Hapo ndipo anapoachana na kusi na kiambaza. Wao walisogeza mtu mbele ili wapone, Karama anawavuta waliosahauliwa wasimame kizimbani pamoja naye. Wanatoka wote.

Wengine wameona utetezi wake mrefu mno. Mimi naona urefu ule ndio riwaya yenyewe. Msomaji anakalishwa barazani asikilize mpaka mwisho, jambo ambalo Kusadikika haikuwahi kumfanyia mjumbe hata mmoja.

Wasomi wenzangu hupenda kutenga riwaya za aina hii na zile waziitazo riwaya pendwa, kana kwamba kupendwa ni dosari. Sikubaliani nao. Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, aliyetupa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, aliwahi kuwa mkaguzi katika idara ya afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Nafikiri kazi hiyo ya kubisha hodi na kuingia hadi uani ilimfunza mengi. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, hafukuzani na mtu kwa bastola. Anakaa, anauliza, anangoja. Wakati Inspekta Seif wa polisi anatafuta mtu wa kumtia pingu, Bwana Msa anatafuta nani ni mtoto wa nani, na ukoo upi umeficha nini. Miji yetu ya pwani ilijengwa juu ya siri za nasaba, na methali ya kuzilinda tunayo: funika kombe mwanaharamu apite. Bwana Msa anafunua kombe. Maelfu waliomsoma kwa kiherehere cha kumjua muuaji walijikuta wamekaa muda mrefu ndani ya swali lingine, la nani huhesabiwa kuwa mtu wa nyumba hii.

Swali hilo Mohamed Suleiman Mohamed alilichukua bila pazia katika Nyota ya Rehema, mwaka 1976. Rehema anazaliwa mweusi kuliko alivyotarajia baba yake, Fuad, na rangi hiyo inatosha kumtia mzee shaka. Mtoto mchanga ameshtakiwa, na hana hata umri wa kujibu.

Na yuko Rosa. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, Zakaria anampiga binti yake kwa ajili ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Barua ni ya mvulana, kipigo ni cha Rosa. Anakua amefunzwa kuogopa wala hajafunzwa kusema, na anapoingia katika ulimwengu wa wanaume wanaojua kutumia ukimya wa wasichana, hana silaha. Anaishia kujiua. Jamii iliyomwadhibu Rosa inajitambua upesi sana katika kurasa zile, na labda ndiyo maana kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kabla ya kuruhusiwa miaka ya baadaye. Msichana alinyimwa zamu, na riwaya iliyompa zamu hiyo ikanyimwa yake. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga; nami nimewaona wasichana darasani, wakati kitabu hiki kinajadiliwa, wakiinamisha vichwa kwa namna ambayo haihusu fasihi.

Kwa hiyo muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu zoezi. Niliwaambia: paa yuko mbele yenu, watoto wamemshika, mwandikieni jibu lake. Wengi walimfanya aombe radhi. Mmoja alimfanya aseme kwamba Goso alikuwa akiwapiga watoto, jambo ambalo kisa hakilisemi, lakini darasa zima lilitulia. Binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye muhula mzima sikuwa nimeisikia sauti yake, alisimama akasoma sentensi mbili tu. Paa wake alisema angekuwa na nguvu asingeshindwa na njaa, na kwamba njaa ilikuja kwa sababu mwaka ule masika hayakufika. Kijana wa mbele akauliza masika huletwa na nani. Binti akamjibu kuwa huja na kusi, kisha akakaa.

Kusi, mnakumbuka, alikuwa amekwisha kupigwa.