Waumini Wasioonekana Tena Ibadani



Tangu kambi yetu ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 tumejenga makanisa kwa mikono yetu, lakini wengi tuliovuka nao ziwa kutoka Kivu Kusini hawaonekani tena ibadani. Wengine waliona haya kuja bila sadaka wala nguo safi. Wengine walifiwa, wakaona matanga yamepita bila mgeni. Tukiwafuata na daftari la mahudhurio watajificha. Sisi walimu tunalijua hilo kwa watoro wa shule. Twende na kuni au dumu la maji, tukae, tusikilize. Yule mchungaji wa Luka 15 hakumkemea kondoo, alimbeba mabegani. Jumamosi hii tunaanza na nyumba za wajane.