Hotuba Juu ya Umri wa Vijana Wetu Mbele ya Mahakama



Habari za karo, mazishi na wagonjwa mmekwisha kuzisoma katika kurasa zilizotangulia. Leo twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya jambo lililotushughulisha kuliko hayo yote, nalo ni vijana wanaoshtakiwa kwa makosa ambayo adhabu yake ni kifo.

Huenda mzee akauliza: je, Kenya yanyonga watoto? La. Tangu mwaka 1987 hakuna aliyenyongwa nchini, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Adhabu chakataza hukumu ya kifo kwa mtu ambaye alipotenda kosa hakuwa ametimiza miaka 18. Lakini hukumu yenyewe ingali yatolewa kwa watu wazima, na kinachomtenga mtoto nao ni siku aliyozaliwa tu. Hapo ndipo penye hatari kwetu sisi.

Tena kosa si mauaji peke yake. Vijana wawili wakimvizia mtu jioni ya mshahara, wakampiga na kumnyang'anya simu, huo ni wizi wa mabavu, hata kama hawakushika silaha. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Francis Muruatetu, ya kwamba jaji halazimiki kutoa hukumu ya kifo kwa muuaji. Mwaka 2021 ikaeleza ya kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu.

Mwaka jana alitujia mama mmoja, mchumaji wa chai, mwanawe akiwa rumande kwa shtaka la namna hiyo. Karatasi zilisema kijana ana miaka 19. Mama alisema 17. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, kwani alijifungulia kambini. Kadi ya kliniki ilipotea walipohama kutoka shamba moja kwenda jingine. Tulitafuta siku nyingi, mpaka tukalikuta jina la mtoto katika kitabu cha ubatizo cha kanisa, limeandikwa kwa mkono pamoja na mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Nakala yake ndiyo aliyopelekewa wakili.

Baadaye tulijua habari ya 19 ilikotoka. Mzee wa jirani aliulizwa na askari, akajibu: "Huyo ni mwanamume, ametahiriwa." Hakusema uongo. Kwetu Wakipsigis kijana akitoka jandoni mwezi wa Desemba huketi na wanaume, hata akiwa na miaka 14, na kumwita mtoto ni kumtukana. Sheria haijui hivyo. Wala ibinda halisaidii, maana rika moja huchukua watu waliopishana miaka mingi. Twasema kwa heshima, wazee wetu: mkiulizwa umri wa kijana, msijibu kwa tohara. Jibuni kama alizaliwa kabla ya ghasia za uchaguzi wa 2007 au baada yake.

Jambo hili si geni. Katika Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Sheria ya siku zile nayo iliwakinga walio chini ya miaka 18, lakini vijana wengi hawakuwa na hati yoyote, na umri wao ukakisiwa kwa kutazamwa.

Wako wanachama waliotuuliza, si bila uchungu: na aliyeumizwa, nani amtetee? Ni swali la haki. Zamani ukoo ulilipa damu kwa ng'ombe, na shauri likamalizwa pasipo kuua wa pili. Hatuombi kijana aachwe bila adhabu. Twaomba apewe adhabu ya umri wake.

Basi Kamati imeazimia kwamba kila mtoto anayezaliwa katika nyumba ya mwanachama aandikishwe kabla ya miezi sita kupita, kama sheria inavyotaka, na waliochelewa tutawasindikiza kwa chifu na kwa msajili. Karani ameweka daftari mlangoni, nanyi mtaandika majina ya watoto kabla hamjaondoka.

Kesi ya kijana yule haijamalizika. Mama yake ameomba wazee watatu wanaomjua tangu utoto waende naye mahakamani Kericho. Wawili wamekubali.