Sistimu Ikilala, Ushahidi Hukaa Siku Ngapi?

Hotuba ya afisa wa mawasiliano kwa wafanyabiashara na wakazi



Leo nitajibu swali ambalo huulizwa kila mara. Mtu amekwenda kulipia leseni ya biashara siku ya mwisho, akaambiwa sistimu iko chini. Kesho yake anatozwa faini ya kuchelewa. Atathibitisha vipi kwamba alifika kwa wakati?

Malipo ya huduma nyingi za kaunti siku hizi hupitia kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia watu wengi kwa pamoja. Seva huwekewa programu ya kuifuatilia, ambayo kazi yake ni kama ya askari wa zamu. Kila baada ya dakika chache huiuliza seva kama iko macho na imebeba mzigo kiasi gani, kisha huandika jibu. Ikiuliza kila dakika 5, huandika mara 288 kwa siku na mara 105,120 kwa mwaka, na hicho ni kipimo kimoja tu. Seva moja huwa na vipimo vingi. Yote yakihifadhiwa milele, diski itajaa.

Njia moja ya kuzuia hilo ilitolewa mwaka 1999 na Mswisi Tobias Oetiker, katika programu iitwayo RRDtool. Faili yake hupewa ukubwa siku inapotengenezwa, na haiongezeki tena. Fikirieni daftari lenye kurasa zilizohesabiwa: ukifika ukurasa wa mwisho unarudi wa kwanza, unafuta na kuandika upya. Kwa sababu hiyo huwekwa madaftari kadhaa. La kwanza lina kila kipimo, na mengine yana wastani. Ni kama mwenye duka anayetupa karatasi za mauzo ya kila siku lakini anabaki na jumla ya mwezi.

Programu ya Munin hutumia RRDtool. Kwa mpangilio wake wa kawaida, vipimo vya dakika 5 hukaa siku 2. Wastani wa nusu saa hukaa siku 9, wa saa 2 hukaa siku 45, na wa siku nzima hukaa siku 450.

Hapo ndipo penye shida yetu. Tuseme seva ilizidiwa kwa dakika 10, mzigo ukafika asilimia 100, na saa zilizobaki ulikuwa asilimia 20. Kwenye wastani wa saa 2 utaona asilimia 27. Kwenye wastani wa siku utaona kama asilimia 21. Anayesoma mwezi wa tatu baadaye atasema siku hiyo palikuwa shwari. Afadhali Munin huweka pia kiwango cha juu zaidi kando ya wastani, lakini ni lazima mtu akiangalie.

Seva ikizimika kabisa na isijibu, programu haiandiki sifuri. Huandika kwamba kipimo hakijulikani, na mchoro unabaki na pengo. Pengo hilo ndilo shahidi wako. Lakini RRDtool huambiwa mapema ivumilie vipimo vingapi vinavyokosekana, na Munin imewekewa nusu. Seva ikilala dakika 40, hiyo ni theluthi moja ya saa 2, kwa hiyo wastani hutolewa kwa vipimo vilivyopo na pengo halionekani tena. Maana yake, baada ya siku 9 shahidi wako ameondoka, na hakuna aliyemfukuza.

Ziko programu za namna nyingine. Prometheus, iliyoanzishwa mwaka 2012, hutunza kila kipimo jinsi kilivyo. Lakini isipopangiwa vinginevyo, huvifuta baada ya siku 15.

Sasa tulinganishe na sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi hadi siku 21 kujibu ombi. Siku 21 ni nyingi kuliko 9, na nyingi kuliko 15. Ofisi inaweza kufuata sheria neno kwa neno, na bado siku ya jibu ikute kumbukumbu imekwisha.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Sistimu ikikataa, usirudi nyumbani kimya. Andika tarehe na saa, tunza ujumbe wa simu ulioonyesha malipo yamekwama, kisha peleka malalamiko kwa maandishi siku hiyohiyo au kesho yake. Ombi la habari unaweza kuliandika kwa Kiswahili; sheria inaruhusu.

La pili ni kwetu sisi wa ofisini. Malalamiko yakipokelewa, nakala ya vipimo vya siku hiyo itolewe mara moja na kuwekwa kando, hata kabla ya uamuzi. Na bajeti ya mitambo inapojadiliwa mbele yenu, ulizeni: kumbukumbu za seva zitatunzwa siku ngapi? Diski ya ziada ni gharama ndogo ukilinganisha na kumtoza mama mboga faini asiyostahili.